Viti Kabla ya Mstari

Viti viliwekwa upande usiofaa wa mstari. Nimeshawaeleza watu wengi jambo hili, na karibu wote hunijibu kwamba nisahau, kwamba yalikuwa mashindano ya baiskeli tu, kwamba mimi nina tabia ya kutafuna jambo moja mpaka likose ladha. Tabia hiyo ninayo, sikatai. Lakini hata nikiacha kutafuna, itabaki kwamba viti vilikuwa kabla ya mstari wakati vingeweza kuwa baada yake, na watu wazima wenye akili timamu walivitazama wakaona ni sawa.

Nilikuwa nimerudi Bariadi na shahada yangu, katika miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa watu binafsi na serikali ilipokuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia chuoni walipokea barua za ajira hata kabla ya mahafali. Sisi tulipokea pongezi. Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujazaliwa na wilaya yetu ilihesabiwa chini ya Shinyanga. Chama cha ushirika ambacho baba alikiuzia pamba tangu ujana wake kilikuwa kimebaki na maghala yenye popo. Kampuni za watu binafsi ziliingia na mizani zao, kila moja ikimwita mkulima mheshimiwa na kumpa soda. Mojawapo ilinichukua niwe karani wake. Kila asubuhi nilipofika ofisini nilidhani nitaambiwa kumetokea makosa, kwamba aliyetakiwa alikuwa mtu mwingine.

Kampuni hiyo ndiyo iliyoanzisha msimu wa mbio. Meneja wetu alikuwa mtu wa kuja. Aliuliza ni nini kinachowakusanya Wasukuma, akaambiwa ngoma. Akauliza ngoma moja huchukua muda gani, akaambiwa inaweza kwenda wiki nzima na isiishe. Akasema hapana, anataka kitu kinachoanza asubuhi na kwisha kabla watu hawajaanza kumdai chakula. Akaambiwa baiskeli.

Kwa kweli alishauriwa vizuri. Kwetu baiskeli hubeba pamba, hubeba mchele, hubeba mgonjwa, na nimeona bibi harusi akipelekwa kanisani kwenye keria akiwa ameshikilia viatu mkononi visichafuke. Kila kijiji kina mtu wake anayesemekana hajawahi kupitwa. Kampuni iliwakusanya watu wa namna hiyo, wanaume na wanawake, ikawapa fulana, matairi mapya na posho, ikawatangaza kuwa waendeshaji wa kulipwa. Neno hilo liliwafurahisha watu sana. Kunyonga baiskeli walikuwa wananyonga tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuwalipa.

Zilipangwa mbio tatu, kuanzia ununuzi wa pamba unapofunguliwa hadi unapofungwa. Anayeshinda mara nyingi zaidi ndiye bingwa wa msimu. Kwa wanaume zawadi ilikuwa pikipiki. Kwa wanawake ilikuwa baiskeli mpya ya mbio, nyepesi, yenye gia, ambayo meneja aliiweka dirishani mwa ofisi ili watu waione wanapokuja kupima pamba. Tofauti ya zawadi ilinikera tangu siku ya kwanza na nilitaka kuisema. Shemeji yangu akaniomba ninyamaze.

"Ukiwachokoza wataiondoa na hiyo baiskeli," alisema. "Wewe subiri niishike kwanza, halafu uongee mpaka uchoke."

Shemeji huyu ni mke wa kaka yangu. Kaka alikuwa machimboni Geita akitafuta dhahabu, na alirudi nyumbani alipoipata, maana yake hakurudi mara nyingi. Shemeji aliishi nasi, yeye na wanawe wawili, nyumbani kwa baba. Baiskeli aliyoshindania ilikuwa ya baba, nyeusi, nzito, ambayo shemeji alikuwa akiing'oa keria na madigadi ya magurudumu kabla ya mbio na kuvirudisha jioni. Na kila alipoihitaji, iwe ni kwenda mashineni kusaga au kumpeleka mtoto zahanati, alipiga goti mlangoni na kusema, "Baba, naomba baiskeli." Baba hakuwahi kumnyima, hata mara moja, na nalisema hili ili asionewe. Alimuuliza tu anakwenda wapi na atarudi saa ngapi, kisha akamruhusu. Lakini siku moja shemeji aliniambia, akiwa anaifuta ile baiskeli kuukuu kwa kitambaa, "Nataka kitu nisichokiomba." Mimi niliondoka pale nikilifikiria neno hilo kwa siku kadhaa, nikijaribu kuhesabu ni vitu gani mimi mwenyewe huviomba, na nikakuta kwamba karibu vyote huwa navichukua tu.

Mbio za kwanza ziliishia Maswa, karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba. Meneja alikuwa ametoka na gari usiku kwenda kusimamisha turubai. Tulipofika asubuhi tulikuta viti vya plastiki vimepangwa kwenye ukingo wa barabara, hatua chache kabla ya mstari wa chokaa. Niliuliza kwa nini visiwekwe mbele ya mstari, mahali ambapo waendeshaji wangekuwa wameshamaliza. Meneja alinionyesha bango la kampuni. Mpiga picha alitakiwa kusimama mstarini na kupata katika picha moja waendeshaji wanaokuja, wazee wa heshima waliouzia kampuni pamba nyingi, na jina la kampuni juu yao. Viti vingekaa mbele, picha ingekosa wazee.

Shemeji alishinda. Aliwaacha wenzake tangu kwenye kilima, akaingia peke yake akiwa amejaa vumbi mpaka kope, akapita mbele ya vile viti kwa kasi ambayo iliwafanya wazee washike kofia zao. Nyuma yake alikuja binti mmoja wa Shinyanga mjini, mrefu, mcheshi, ambaye naye alikuwa amesajiliwa na kampuni. Wanawake waliokuwa sokoni waliacha nyanya zao wakaja kupiga vigelegele. Nilimshikia baiskeli na kujipangusa jasho kana kwamba mimi ndiye niliyenyonga.

Wiki haikuisha, lalamiko likafika ofisini. Mmoja wa wale wazee alikuwa baba yetu mdogo, ndugu wa baba, mkulima mkubwa wa Ipililo. Alikuja mwenyewe akiwa amevaa koti, akakataa soda.

"Mkwe wangu amenipita kama kichuguu," alimwambia meneja. "Mimi nimekaa, yeye yuko juu. Hakushuka. Hata kusema mwangaluka hakusema. Watu wameona."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nieleze. Ukiwa kwenye baiskeli ukakutana na mzee, unashuka unamwamkia, mwangaluka asubuhi, mwadila mchana, halafu unapanda tena. Mwanamke hushuka akapiga goti. Na kama mzee huyo ni mkwe, basi haijalishi umebeba nini au unakimbilia wapi, utashuka. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo na siuoni kuwa utaratibu mbaya. Ukiwa njiani kwenda mashineni una muda wa kushuka. Ubaya ni kuuleta utaratibu huo kwenye mstari wa kumalizia mbio, kisha kuukalisha kwenye kiti.

Kamati ya mashindano ilikaa mara moja. Tulikuwa watatu: meneja, mwenyekiti, aliyekuwa mwalimu mstaafu wa michezo na ndiye aliyeshika bendera ya mwamuzi, na mimi, katibu, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Meneja aliogopa kupoteza pamba ya Ipililo. Mwenyekiti akatoa ufumbuzi.

"Tutangaze kwamba akina mama na akina dada washindane kwa adabu."

"Adabu maana yake nini?" niliuliza.

"Msomi, adabu huijui?"

"Ninaijua. Ninachouliza ni anachotakiwa kufanya akifika pale. Apunguze mwendo? Ashuke? Adabu ni kilomita ngapi kwa saa?"

Meneja alicheka mpaka akakohoa. "Andika tu adabu," alisema. "Kila mtu ataelewa kwa namna yake."

Nikasema basi ni rahisi zaidi kuvihamisha viti. Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, akasema wazee wakiambiwa wamehamishwa kwa sababu ya mwanamke hatutakuwa na la kuwaambia. Nikasema wanaume je, wao watangaziwe adabu pia? Akasema wanaume wako kwenye mbio. Jibu hilo nililiandika, maana lilikuwa limesemwa kikaoni, na meneja akaniagiza nilifute.

Mbio za pili ziliishia Shishiyu, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Viti vilikuwa palepale, kabla ya mstari, na baba mdogo alikuwa kwenye kimojawapo. Tangazo la adabu lilisomwa kwa kipaza sauti mara mbili, kati ya tangazo la dawa ya kuua wadudu wa pamba na lile la mbuzi aliyepotea. Shemeji alikuja sambamba na binti wa Shinyanga. Walipokaribia viti, shemeji aliacha kunyonga, akainamisha kichwa, akaondoa mkono mmoja kwenye usukani na kusema "Mwangaluka!" kwa sauti ya kusikika. Baiskeli ikayumba. Binti wa Shinyanga alipita na kukata mstari akiwa mbele kwa gurudumu moja.

Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa anamenya karanga.

Sasa kila mmoja alikuwa ameshinda mara moja, na mbio za mwisho zingekuwa Bariadi kwetu. Ndipo lilipotokea jambo lililonitia hofu kuliko yote. Meneja alisikia kwamba baba yangu alikuwa kiongozi wa chama cha ushirika zamani na kwamba wakulima wengi bado humsikiliza. Akamwendea nyumbani na mfuko wa sukari, akamwalika awe mgeni wa heshima. Kiti cha mbele. Baba mkwe kamili.

Kwa siku zilizofuata nyumba yetu ilijaa swali ambalo hakuna aliyelisema. Shemeji hakuweza kumuuliza baba mkwe wake, "Je, siku hiyo nitakupita?" Swali lenyewe ni kukosa adabu; ni kama kumwomba mtu ruhusa ya kumkanyaga. Akaniomba nimuulize mimi. Nilimkuta baba anakaza misumari ya kitanda cha kamba.

"Baba, siku ya mbio, shemeji atakapofika pale ulipo..."

"Ndiyo?"

"Watu wa kamati wametangaza adabu."

"Nimesikia."

"Sasa yeye afanyeje?"

Baba alipiga nyundo mara kadhaa. "Mbio ni zenu," alisema. "Mimi nimepewa kiti."

Nilimpelekea shemeji maneno hayo kama yalivyo. Tuliyageuza huku na huku jikoni, tukiwa tumekaa kwenye vigoda, yeye akipepeta mchele. Mimi niliona baba amesema, mbio hazinihusu, pita. Yeye aliona baba amesema, nimekaa hapo kama mzee, nawe unajua mzee anaamkiwaje. Nilimwambia anafikiri kupita kiasi. Aliacha kupepeta akanitazama, kisha tukacheka wote wawili, kwa kuwa mtu wa kusema maneno hayo sikuwa mimi.

"Akikaa, nitampita kwa kuinama," alisema mwishowe. "Nitanyonga huku nimeinama. Akinisimamia, sijui."

Siku ya mwisho Bariadi ilifurika. Watu walitoka mashambani na vikapu vya chakula, vijana wakapanda juu ya malori ya pamba, na ile baiskeli nyepesi ilitolewa dirishani ikasimamishwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Wanaume walimaliza kwanza. Walikuja kundi zima, wakasukumana mbele ya wazee, mmoja akamwaga maji ya chupa kichwani yakamrukia baba suruali. Aliyekuwa wa tatu alipita mbele ya mama mkwe wake mwenyewe, aliyekuwa amesimama na mwavuli pale kwenye kona. Mnajua kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapaswi hata kutazamana usoni. Mama alijifunika kwa mwavuli, mkwe akapita, watu wakawashangilia wote wawili. Mwenyekiti aliinua bendera.

Kisha wanawake. Shemeji alitokea kwenye kona akiwa peke yake. Binti wa Shinyanga alikuwa nyuma yake kwa umbali kama wa kutoka goli hadi katikati ya uwanja. Kulikuwa hakuna wa tatu aliyeonekana. Nilikuwa nimesimama mstarini nikiwa na filimbi mfukoni ambayo hakuna aliyeniambia niipulize. Nilimwona ameinama kama alivyosema, kichwa chini, akinyonga, na nikasema moyoni, atapita, amepata njia.

Baba akasimama.

Alisimama ghafla, mikono juu, kiti kikaanguka nyuma yake. Najua sasa, na mtu yeyote aliyekuwa karibu alijua hata wakati ule, kwamba alikuwa anamshangilia. Mzee mtaratibu, ambaye sikuwahi kumwona akiinua sauti hata kwenye mkutano wa ushirika, alikuwa amesahau kiti, heshima na suruali iliyolowa. Lakini shemeji alikuwa na kichwa chini. Alichoona ni miguu ya baba mkwe wake imetoka kwenye kivuli cha turubai ikasimama kando ya barabara.

Akashika breki. Vumbi likatimka. Akashuka, akaegemeza baiskeli kwenye nyonga, akapiga goti kwenye changarawe.

"Mwadila, baba."

"Pita!" baba alipiga kelele. "Pita, mwanangu, pita! Nenda!"

Alikuwa ameshachelewa. Yule binti alimpita upande wa kulia, akakata mstari, na kasi aliyokuwa nayo ikampeleka mpaka kwenye malori. Shemeji aliinuka, akapanda, akamaliza. Hatua chache zile alizinyonga taratibu sana, kama mtu anayerudi kutoka mashineni.

Vijana juu ya malori walianza kucheka, na mmoja akapaza sauti, "Shemeji, ungemwandalia na maji ya kuoga!" Bibi vizee walipiga vigelegele, wakimsifu kwa kushuka. Mpaka leo sijui ni kipi kilichoniuma zaidi.

Meneja alishika kipaza sauti. Nilitarajia, na hapa nakiri kwamba elimu haijanisaidia kuwajua watu, kwamba angalau angeona haya. Aliona fursa. Alisema umati mzima umeshuhudia mwanamke wa kweli wa Kitanzania, mwenye maadili, na kwamba kampuni yake inathamini maadili. Akasema binti wa Shinyanga ndiye bingwa na baiskeli ni yake. Akasema shemeji yangu anapewa zawadi maalumu ya nidhamu. Ikaletwa chupa ya chai, nyekundu, yenye maua.

Nilikwenda mezani.

"Mwenyekiti, huyu alishuka kwa sababu ya tangazo lenu."

"Tangazo lilisema ashuke?"

"Lilisema adabu."

"Basi ameonyesha adabu, na tumempa chupa. Unataka nini tena?"

"Yule mwanamume wa tatu alimpita mama mkwe wake pale kwenye kona. Yeye alishuka?"

"Yule alikuwa kwenye mbio, bwana."

"Na shemeji yangu alikuwa kwenye nini? Harusini?"

Watu waliokuwa karibu walicheka, na mwenyekiti akakasirika kwa sababu ya kicheko, si kwa sababu ya hoja. Aliniambia mbio zina sheria moja duniani kote, anayetangulia ndiye mshindi, na kwamba hakuna aliyemlazimisha mwanamke yule kusimama. Walikuwa wamemwita mkosa adabu alipopita. Sasa wanamwita mjinga aliposhuka. Kati ya kupita na kushuka walitaka afanye nini? Aruke? Hilo nililiuliza kwa sauti, na muziki ukawashwa.

Ndipo baba alipokuja. Alitembea hadi mezani akiwa ameshika kofia mkononi, mtu aliyekuwa ameongoza mikutano ya wakulima wa wilaya nzima.

"Mimi ndiye niliyeamkiwa," alisema. "Nami nasema sikuihitaji salamu ile. Nilisimama kumshangilia. Kosa la kusimama ni langu. Mpeni mtoto baiskeli yake."

"Mzee wetu," mwenyekiti alimwambia kwa upole ule wa kumtuliza mtoto, "wewe nenda kaketi. Tutawaita wazee kwenye soda."

Baba alisimama pale kidogo. Nadhani hakuwa amezoea kuambiwa akaketi. Kisha alivaa kofia, akapita katikati ya umati, akaenda nyumbani kwa miguu, na kile kiti kilichoanguka kilibaki kimeanguka mpaka turubai lilipobomolewa.

Binti wa Shinyanga alimfuata shemeji alipokuwa anainama bombani kunawa uso. Alikuwa anaisukuma ile baiskeli mpya kana kwamba ameazimwa.

"Dada, wallahi mimi niliona barabara tu," alisema. "Sikujua kwamba yule ni mkweo."

"Ungejua ungefanyaje?"

Binti alifikiri. "Ningepita," alisema.

"Na ungefanya vizuri," shemeji alimjibu. "Sikulaumu wewe. Nenda, utakuta giza Maswa."

Baada ya ununuzi kufungwa, meneja aliniita. Kampuni ilitaka kupeleka waendeshaji wake Mwanza, kwenye mbio za kanda ya ziwa, na ilimtaka shemeji aende pamoja na yule binti. Alinituma mimi kwa kuwa ni ndugu. Nilimkuta shambani akiwa anang'oa miti ya pamba ili ichomwe, khanga imefungwa kiunoni, mikono imechubuka. Chupa nyekundu ya chai ilikuwa imewekwa kivulini. Angalau ilifanya kazi.

Nilimweleza. Aliendelea kung'oa.

"Huko Mwanza wazee watakaa wapi?" aliuliza.

Nikamwambia hilo halikutajwa.

"Waambie wahamishe viti kwanza. Wakivihamisha, nitakwenda hata kwa baiskeli ya baba. Wasipovihamisha, wasinitumie mtu tena. Hata wewe."

Nilipeleka maneno hayo ofisini bila kuyapunguza. Meneja alidhani namtania. "Viti?" alisema. "Mtu anakataa Mwanza kwa sababu ya viti?" Nilianza kumweleza tangu mwanzo, Maswa, Ipililo, tangazo, goti, na niliona macho yake yanatoka kwangu taratibu na kwenda kwenye kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yangu. Wakati huo alikuwa ameweka pale picha ya mbio za Bariadi. Ilikuwa picha nzuri sana, waendeshaji, wazee, bango. Mkataba wangu wa ukarani ulikwisha na hawakuuendeleza. Sitajifanya kwamba niliacha kazi kwa hasira. Ningependa iwe hivyo.

Msimu uliofuata shemeji hakushiriki. Baiskeli ya baba ilirudishiwa keria na madigadi yake na haikung'olewa tena, naye aliendelea kuiomba mlangoni kila siku ya kwenda mashineni. Baba alijaribu kumwambia aache kuomba, achukue tu. Alimjibu, "Ndiyo, baba," na kesho yake akaomba kama kawaida. Jambo hilo lilimtesa baba, nami nilimwona akijishughulisha nyuma ya nyumba kila alipohisi kwamba saa ya mashine imekaribia.

Msimu wa baada ya huo, mbio za mwisho zilikuwa Bariadi tena. Yule bingwa wa wanaume aliyekuwa ameshinda pikipiki alikuja kwa kasi akiwa amebanwa na wenzake upande wa viti, pedeli yake ikanasa mguu wa kiti cha pili, akaruka juu ya usukani na kuanguka na bega. Baba mdogo wa Ipililo alibwagwa chini pamoja na karanga zake. Bega lilivunjika. Palikuwa na kelele, gari la kampuni likamkimbiza majeruhi hospitali, na kabla mbio za wanawake hazijafika mjini vijana wa kampuni walikuwa wameshaanza kubeba viti, viwili viwili kila mkono. Waliwapeleka wazee wote upande wa pili wa mstari na turubai lao. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Mwenyekiti alitangaza kwa kipaza sauti kwamba kamati imechukua hatua hiyo ya haraka kwa ajili ya usalama wa waendeshaji. Watu wakampigia makofi.

Shemeji alikuwa amesimama karibu nami, mtoto mdogo mgongoni, ametoka kusaga. Alivitazama viti vikipita mbele yetu kimoja baada ya kingine.

"Kumbe vilikuwa vinahamishika," alisema.